Matairi Aliyochagua Mzee Twahir

Mzee Twahir haamini neno la mtu yeyote kuhusu tairi. Mletee jipya kabisa, na karatasi ya dukani ikiwa bado imeganda juu yake, atalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kisha atatoa hukumu: "Gumu," au "Andazi." Gumu ndilo tairi. Andazi ni la kumfungia adui yako. Nimeuza chai na chapati kando ya banda lake la matairi hapa Ngong Road, karibu na Woodley, kwa miaka mingi, na sijawahi kumwona akiibadilisha hukumu hiyo kwa ajili ya mtu, awe wakili wa Kilimani au dereva wa lori.

Ni mtu wa Lamu. Alikuja Nairobi akiwa kijana, akajifunza kazi kwa mafundi wa Kirinyaga Road, na mpaka leo hajaizoea baridi ya Julai. Huja amevaa makoti mawili, ananikazia macho na kuniuliza, "Selpher, mwanangu, nyinyi watu wa bara mwaishije hapa?" Utadhani mimi ndiye niliyemleta. Mkewe, marehemu Shahida, alimwachia binti mmoja, Mahira, aliyekulia papa hapa bandani, akifanya kazi za shule juu ya tairi la lori. Sasa Mahira yuko Kanada, anatunza wazee wa watu, huku mzee wake mwenyewe akitunzwa na chapati zangu. Ndiyo, nasema kwa hasira. Nimeshamwambia hata mzee, naye hucheka tu na kuomba chai nyingine.

Kwao Lamu mtoto hafanyi jambo kubwa bila radhi ya mzazi. Anakuja, anaeleza shauri lake, anasikiliza, kisha anaomba radhi. Bila hiyo, hata jambo la heri huoni baraka yake. Mwaka wa kwanza Mahira aliomba radhi kwa kila kitu: chumba cha kupanga, kazi ya zamu ya usiku, hata viatu vya baridi. Kisha maswali yakapungua. Simu zikawa za "Shikamoo Baba, waonaje hali, haya Baba, nachelewa." Mzee akawa anaitazama ile simu hata baada ya kukatika. Hakulalamika, lakini mimi nina macho.

Basi mwaka jana, mvua za vuli zikiwa zimeanza hapa, Mahira akapiga. Amenunua gari.

"Baba, theluji inakaribia. Watu waniambia nifunge matairi ya theluji. Nichukue yapi?"

Jamani, nilimwona mtu mzima akirudiwa na ujana mbele yangu. Aliweka kikombe chini, akakaa vizuri, akafuta mikono kana kwamba ndiyo inayozungumza. Kwa maana matairi ya theluji alikuwa anayajua, au alidhani anayajua. Magari mengi yanayotoka Japani hufika hapa yakiwa nayo, na wenyewe humjia yeye kuyatoa. Siku mbili tu kabla ya simu hiyo, Ryan, kijana wa teksi za Kilimani, alikuwa ameegesha hapo akipiga kelele, "Mzee, nitolee hizi vitu! Ni za snow, zinaisha kama sabuni!" Na mzee akayatoa, akayabonyeza, akasema andazi, akayatupa kwenye rundo la nyuma.

"Usidanganywe na jina, mwanangu," alimwambia Mahira. "Hayo wayaitayo ya theluji ni laini, hayana maisha. Nenda dukani, bonyeza kwa ukucha. Ukucha ukizama, yaache. Chukua gumu, lenye meno makubwa. Hilo litashika hata jiwe."

Mahira alimwacha amalize. Kisha akasema, "Haya, Baba. Nipe radhi."

"Radhi nimekupa. Yakupeleke na kukurudisha salama, inshallah."

Tangu hapo hatukupumua. Kila mteja aliambiwa. "Binti yangu yuaendesha gari kwenye theluji, na matairi nimemchagulia mimi." Mwalimu wa madrasa aliambiwa. Mama wa mboga aliambiwa mara mbili. Mahira akituma picha ya barabara nyeupe, mzee aliipitisha mkono hadi mkono, na ole wako ukiirudisha bila kuisifu. Nilimtania, "Mzee, sasa utafungua tawi Kanada?" Akajibu kwa uso mkavu kwamba analifikiria.

Januari akaja Peres. Huyu ni mwanamke wa Uthiru aliyefanya kazi Kanada miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa na gari dogo lililotoka bandarini, na matairi yake ni yale yale.

"Sasa mzee. Nisaidie kutoa hizi, nataka za kawaida."

"Umefanya vyema," mzee akasema, akiinamia jeki. "Haya ni andazi. Nimemkataza hata binti yangu aliyeko Kanada asiyafunge. Nimemwambia achukue magumu."

Peres hakucheka. Heri angecheka.

"Ulimwambia hivyo? Na akanunua?"

"Amenunua. Naye ni mtoto msikivu."

"Mzee," Peres alisema polepole, "huku kwetu ndiyo hazifai, juu ya joto. Lami inazila. Lakini kule, baridi inafanya tairi gumu inakuwa kama ubao. Kwa barafu haishiki kitu. Hizi soft ndizo zinashika. Zimetengenezewa hiyo baridi."

Mzee Twahir alibaki ameinama. Akaweka kidole chake juu ya lile tairi la Peres, akalibonyeza, akalibonyeza tena. Kisha akatafuta simu mifukoni, akikosea koti hili na lile.

Huku kwetu ulikuwa mchana, kule ni usiku wa manane. Simu iliita mpaka ikakoma. Akapiga tena. Nilimwambia, "Mzee, amelala huyo." Akaniuliza, "Na kama yuko zamu? Na kama yuko njiani saa hizi?" Chapati yake ikakauka kwenye sahani. Alikwenda kuswali adhuhuri na hakurudi mpaka nikadhani ameanguka huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Wateja wawili nikawafukuza mimi mwenyewe.

"Selpher," aliniambia, "mimi ndiye niliyempa radhi. Nimempa mtoto wangu radhi ya kwenda mautini."

Niliogopa. Sina cha kuongeza hapo, niliogopa sana.

Jioni, kule kukipambazuka, Mahira akapiga. Mzee hakungoja hata salamu.

"Usiliwashe hilo gari! Mahira, wanisikia? Nilikupa shauri baya. Yatoe hayo matairi, panda basi, tembea, lakini usiliwashe!"

"Baba, tulia. Baba." Sauti yake ilijaa banda zima. "Sikuyanunua."

"Hukuyanunua?"

"Nilinunua laini tangu mwanzo. Nisamehe. Radhi yako niliichukua, Baba. Matairi ndiyo sikuyachukua."

"Alhamdulillahi," mzee akasema, na akaketi juu ya rundo lile la nyuma, na machozi yakamtoka waziwazi. Mimi pia nililia, sioni haya. Halafu, alipopata pumzi, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikuchagulia?"

"Kuna mzee mmoja namtunza hapa kazini. Zamani aliendesha malori. Alinieleza yote."

"Mzee mwema," akasema Twahir. "Mwambie namshukuru."

Alifunga banda mapema. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeambiwa habari za theluji, na picha zikija huzitazama peke yake. Ryan alipomwuliza habari za binti alijibu, "Yu salama," akaendelea kukaza nati. Nilijaribu kumtania kuhusu tawi la Kanada. Alitabasamu kwa adabu tu, na nikajuta.

Juma lililofuata Mahira alipiga kwa video, amesimama nje, pumzi ikimtoka kama moshi.

"Shikamoo Baba. Nina shida. Wiper zangu zaacha maji kwenye kioo. Nichukue za aina gani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya bega la mzee na birika mkononi. Gari lilikuwa pale nyuma yake, na wiper zimeinuliwa mbali na kioo, nyeusi, mpya, hata lebo ya dukani haijatolewa. Mzee Twahir aliziona. Macho yake yalikaa hapo, si kwenye uso wa binti.

Kisha akaweka kikombe chini, akafuta mikono, akaanza kumweleza. Alieleza urefu, akaeleza mpira, akaeleza jinsi ya kuzifunga bila kuvunja kishikio. Mahira alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia, "Naam Baba. Naam Baba."

"Basi nipe radhi," akasema.

Akampa.