Mlango wa Mbeyu Wenye Namba

Mbeyu binti Boga ni jirani yangu hapa Ramisi, na kwa umri ni mkubwa wangu. Kazi yake ni kushona makuti. Mabanda mengi ya hoteli kule Galu yameezekwa kwa makuti yaliyopita mikononi mwake, ingawa yeye mwenyewe hajapata kuketi chini ya hata moja. Hushona huku midomo yake ikimtaja Mola. Aliolewa hapa, akazaa hapa, akafiwa na mume hapa, katika nyumba ya udongo iliyokuwa ukingoni mwa shamba la miwa.

Nyumba ilikuwa yake, ardhi ndiyo si yake. Wenye shamba wana hati, sisi tuna minazi na makaburi. Kesi ilipofika mahakamani, jaji alisema tusiguswe mpaka Bunge litunge sheria, lakini nasi tusijenge nyumba mpya. Maaskari wa shamba wakapita wakiandika namba kwa rangi nyekundu kwenye kila mlango. Nyumba yenye namba ikawa na amani yake, maadamu imesimama.

Mwaka jana mswada wa kutupa ardhi ukapita Bungeni. Mbunge wetu alikuja mwenyewe kutwambia, pale uwanjani mwa msikiti. "Umepita!" akasema, na vigelegele vikapaa. Imamu akainua mikono, tukasoma Fatiha, tukajipangusa nyuso.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea sote. Kwetu sisi, jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Msichana akisomewa Fatiha amechumbiwa. Ndugu wakigawana shamba na Fatiha ikasomwa, hakuna wa kulirudia tena neno hilo. Hatukufikiri kwamba huko Nairobi jambo laweza kupita na bado likawa wazi.

Mbeyu alikuwa akitamani nyumba ya mawe tangu ujana wake. Ile ya udongo ilikuwa imelala upande, ukuta umeegemezwa magogo. Mawe mwanawe Waziri alikwisha kuyaleta, yanaota nyasi. Kesho yake asubuhi Mbeyu akawaita vijana, akasema, "Bomoeni, bismillahi."

Rispah, mpangaji wangu kutoka bara, ambaye ni msusi hapa kituoni, akaja mbio na simu mkononi.

"Mama Waziri, ngojeni kwanza! Hiyo kitu bado. Rais hajasaini."

"Bunge si limepitisha?"

"Limepitisha, lakini Rais lazima aweke sahihi."

"Mwanangu, Rais si yule aliyekuja hapa akaomba kura, akala na haluwa yetu? Atakataa nini?" Mbeyu akacheka. "Wewe tayarisha vitana vyako. Nyumba ikiisha, utakuja kunisuka humo ndani."

Ukuta ukaanguka. Tulicheka na vumbi limetujaa vichwani. Mlango peke yake Mbeyu aliuhifadhi, akauegemeza kwenye mnazi.

Mawe ya msingi hayajapangwa, Rais akaurudisha mswada Bungeni. Rispah alitusomea: Rais alisema unawanyima haki wenye hati, basi urekebishwe. Bunge nalo likajibu kwamba halirekebishi neno, Rais anaingilia kazi isiyo yake. Tangu siku hiyo redio ikawa ni majibizano matupu. Kila upande ulisema unamtetea mwananchi wa kawaida.

"Ndiye mimi huyo?" Mbeyu akaniuliza.

"Nadhani ndiye wewe, dada."

"Basi mbona hawaniulizi?"

Mkuu wa maaskari wa shamba, Iddi, ni kijana wa kijiji cha Jego mwenye adabu zake. Alipofika penye kifusi alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hapa palikuwa na nyumba."

"Ipo. Mlango huu hapa, na namba yenu mwaiona."

"Namba ni ya nyumba, mama. Mlango usio na nyumba ni ubao."

"Niache basi niusimamishie nyumba yake."

"Kujenga ni marufuku, mama, wajua. Mimi nimetumwa tu." Akavaa kofia, akaondoka akiangalia chini.

Waziri alipopata habari alikuja amewaka. "Mama, tuwasomee halbadiri!" Ile ni dua ya kumshtaki dhalimu kwa Mwenyezi Mungu, nayo si ya mchezo.

"Tumsomee nani, mwanangu?" Mbeyu akasema taratibu. "Rais asema kosa ni la Bunge. Bunge lasema ni la Rais. Halbadiri ikimkosa mwenye kosa humrudia msomaji. Na aliyesema bomoeni ni mimi."

Ikabaki njia moja. Rispah alitueleza kwamba Bunge likipata theluthi mbili ya wabunge, mswada unakuwa sheria Rais apende asipende. Siku ya kura tulikaa barazani kwangu, Rispah na simu yake, Mbeyu na tasbihi yake. Alikuwa analala kwangu wakati huo.

"Hawakutosha," Rispah akasema mwishowe. "Wengine hata hawakuingia ukumbini."

"Na wetu je?"

Rispah akatafuta, akatafuta tena. "Jina lake silioni, mama."

"Huenda alikuwa mgonjwa," akasema Mbeyu, akaendelea na tasbihi.

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo, trekta la shamba likaja kulima mpaka kwenye minazi. Mbeyu alikuwa pale anafagia sakafu yake, kama alivyofanya kila asubuhi, sakafu isiyo na ukuta. Dereva akazima injini. Hakumfukuza, alingoja tu. Mbeyu akamaliza kona ya chumba alichozalia watoto, akaweka ufagio chini, akaniita.

"Njoo unisaidie kubeba mlango."

Tuliubeba wawili, yeye mbele mimi nyuma, na trekta likaunguruma nyuma yetu. Hakugeuka. Kwangu akatafuta pembe isiyovuja, akauegemeza na namba ikitazama ukutani, kisha akaugeuza namba itazame nje.

"Usilowe," akasema. "Huenda wakapatana huko Nairobi."