Makande ya Wakwe

Tuliokuwepo uani siku ile ni mimi. Mdogo wangu wa kunifuata, ambaye ndiye mwenye nyumba. Binti yake wa mwisho, aliyekuwa amechumbiwa. Na wifi yetu, mke wa marehemu kaka. Kutoka Rangwi walikuja kijana mwenyewe, wazazi wake na shangazi yake. Majina ninayo yote, hata ya ubatizo, ila wengine hawapendi kuandikwa.

Ni miaka hii hii, mafuta ya magari yalipoadimika. Bondeni walipata kidogo, huku mlimani tukasikia habari tu. Lori lililokuwa likishusha kabichi zetu ndilo lililokuwa likipandisha mchele na sembe, kwa hiyo kabichi zikaozea shambani na duka likabaki na chumvi na viberiti. Mashine ya kusaga ya kitongoji chetu inakunywa dizeli. Nayo ikanyamaza.

Na wakwe walikuwa karibu kuja kupanga siku ya ndoa. Kwetu, mgeni wa namna hiyo akikataa kula, shauri limekufa hapo hapo. Mdogo wangu alikaa juu ya ndoo, akasema, "Dada, nitawalisha nini? Viazi, kama watoto wa shule?"

Nikamwambia, "Kinu kipo."

Kinu changu kilikuwa na kuku ameatamia ndani. Tukamhamisha na mayai yake, tukakisugua. Binti akamimina mahindi makavu, akashika mchi, akatwanga kwa nguvu zote. Punje zikaruka mpaka kwenye migomba.

"Mahindi hunyunyiziwa maji kwanza," nikasema. "Hivyo unalisha kuku."

"Mama mkubwa! Si ungesema mapema?"

"Nilitaka kuona jinsi unavyomtwangia mwanamume ambaye hata hajafika."

Tukacheka. Tukakoboa, tukapepeta, tukaosha, tukayaanika kwenye jamvi yakauke, ndipo tuyatwange yawe unga. Hapo tulisahau tunaishi wapi. Ukungu ulishuka, ukakaa, na kesho yake haukuondoka. Mahindi yalikuwa meupe, mazuri, na yamelowa kama yametoka mtoni. Ukitwanga unapata tope.

Wifi akasema, "Basi tupike makande."

Mdogo wangu akaanza kulia. Makande ni chakula cha ngemo, siku majirani wanapokuja kukulimia shamba. Mkwe hawekewi. Lakini hapakuwa na jingine. Tukayapika na maharage na karoti, tukatia samli ya ng'ombe wa wifi, tukachinja na jogoo.

Wakwe walifika alasiri, kwa miguu, maana pikipiki nazo zilikuwa zimelala. Viatu mkononi, tope mpaka magotini. Tukaamkiana, wakanawa. Mdogo wangu akafunua sufuria bila kumtazama mtu.

Shangazi wa kijana akachungulia. "Jamani, tumekuja kuoa au kupalilia?"

Mama wa kijana alikuwa ameshika kijiko, hajachota. Mdogo wangu alikuwa akisokota pindo la kanga yake.

Nikamwambia shangazi, "Mkwe wangu, aliyetembea kutoka Rangwi mpaka hapa ameshalima shamba zima. Chakula chake ndicho hiki. Na ukimaliza, jembe liko nyuma ya mlango."

Baba wa kijana akacheka mpaka akakohoa, akachota. "Nani alikoboa?" akauliza. Binti akaonyesha viganja vyake, vimejaa malengelenge. Mama wa kijana akavitazama, kisha akala. Shangazi naye akala, akaomba na ukoko.

Ndoa ikapangwa iwe baada ya mavuno. Wakwe walisema hawatasubiri mafuta, watakuja kwa miguu tena, ila makande yawepo. Yule kuku alilazimika kutafuta pengine pa kutagia, maana kinu kilibaki kazini.

Mdogo wangu husema aliyechota kwanza ni mama wa kijana, si baba. Mimi namwona baba. Wewe uliyekuwepo, kama nimekosea, pita nyumbani unisahihishe.