Blanketi la Bibi Chini ya Spika

Jamani, mcheke nikishamaliza, maana jambo hili hata mama yangu mzazi likitajwa huinuka akaenda jikoni bila kuaga. Mimi ndiye yule bwana aliyekwenda Madaba kumtolea mahari Osmunda akarudi nayo Songea, yote, hadi kamba tuliyofungia.

Kisa ni sifa tu. Nyumbani kwangu Mjimwema nina redio kubwa yenye spika mbili, na chini ya kila spika huwa naweka vipande vya kandambili chakavu ili isitetemeke (mpira wa kandambili unameza mtikisiko vizuri kuliko hata sponji ya godoro, nimejaribu vyote). Nilijitolea kupiga muziki siku ya mahari, lakini nikaona aibu wakwe waone spika zinang'aa halafu chini yake kandambili zilizolika kisigino. Nikaviacha vipande uvunguni, nikapanda gari na mshenga wangu, baba mdogo Fidelis, tukiwa na mahari yetu: mkaja wa mama mkwe na blanketi la bibi yake Osmunda, zito, la maua mekundu, maana Madaba baridi haina mchezo.

Wazee walikubaliana, mahari ikapokelewa ikawekwa kwenye kiti sebuleni, na ikaamuliwa bibi yake Osmunda afunikwe blanketi lake mbele ya watu baada ya chakula. Wakatoka uani kula, mimi nikabaki kufunga redio, na mahali pekee palipokuwa wazi ni juu ya kabati la vyombo. Besi ilipoanza kugonga, vikombe vyote vikaanza kulia, glasi zikagongana, spika moja ikawa inatambaa yenyewe kuelekea ukingoni huku nimeikumbatia, na nje nasikia baba mkwe anauliza kama ni tetemeko la ardhi. Jasho likanitoka. Nikatafuta kitu kizito na laini cha kutandika, na mnajua nilichokiona.

Muziki ukatoka safi ajabu, na mimi mjinga nikatoka nje kifua mbele.

Bibi alipoletwa sebuleni kufunikwa, blanketi halikuwepo kwenye kiti. Akaangaza, akaliona juu ya kabati, chini ya spika zangu. Hakugomba, na bora angegomba.

"Baba, nani kalitoa hili pale lilipowekwa?" akaniuliza.

"Mimi, bibi. Spika zilikuwa zinatetemeka."

"Basi umelichukua mwenyewe," akasema, kisha akamgeukia baba mkwe. "Mahari ikishapokelewa, aliyeileta haigusi. Huyu kajirudishia."

Baba mdogo alipiga magoti akaomba tutozwe faini yoyote watakayo. Wakasema mwenye neno ni bibi, na bibi alikwisha kuingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilikasirika, na sifichi, hadi leo nina hasira, maana sikuiba kitu, nilitandika tu! Lakini nani wa kumlaumu wakati mkono uliotandika ni wangu?

Tulipokuwa tunapakia vitu, Osmunda alikuja hadi kwenye gari, macho mekundu.

"Nilikuwa jikoni, ukuta mmoja tu," akaniambia. "Ungeniita, ningekupa hata gunia."

Nikaendelea kufunga kamba. Ameolewa huko huko Madaba, nasikia bibi alifunikwa blanketi lingine na akacheza. Mimi nimeapa kutopiga tena muziki ukweni, kiapo chepesi kabisa kukitunza, kwa kuwa ukweni kwenyewe sina.