Fundi wa Masanduku wa Mlandege

Habari niliipata Jumatatu asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, kutoka kwa utingo wa basi la Mbeya. Hakuteremka hata. Aliniona nimekaa kwenye baraza ya mzee muuza chai wa Mlandege, akapaza sauti kushinda injini: "Mwalimu! Yule fundi wako wa masanduku amekufa jana. Kifua." Basi likaenda zake sokoni, vumbi likatua juu ya chai yangu. Fundi wako, alisema. Ndugu wasomaji, watu wa Iringa bado wanamwita hivyo, fundi wangu, na siwezi kuwalaumu. Mimi ndiye niliyemtia midomoni mwa mji huu, katika safu hii hii mnayoisoma. Nilipomwandika niliacha jambo moja nisilitaje, nikijua kabisa kwamba ninaliacha, na kwa ajili ya jambo hilo mtu mwema aliuhama mji. Leo nataka kulisema, ingawa anayestahili kulisikia hasikii tena.

Alirudi kutoka vitani Burma na koti la kaki, boksi la bati lenye randa na misumeno, na sikio la kushoto lililouawa na mizinga. Wenzake waliorudi naye walinunua baiskeli, wengine ng'ombe, wengine wakanywa pombe mpaka wakabaki na makoti tu. Yeye alipanga kibanda cha mabati karibu na soko, akaanza kuchonga vitanda, milango na viti. Meza ninayoandikia maneno haya ni kazi ya mikono yake. Nimeimwagia wino, watoto wameipanda na kuirukia, na haijalegea hata mguu mmoja. Ukiingia kibandani kwake, alikuwa anaacha randa na kukutazama kuanzia viatuni, macho yanapanda taratibu mpaka usoni, halafu yanaganda kwenye midomo yako. Mara ya kwanza nilisisimka mwili. Nikamwuliza kulikoni. Akacheka, akajigusa sikio. "Hili nimeliacha Burma, mwalimu. Nikiwa nimeinamia ubao naona kwanza miguu, najua mtu ameingia. Halafu nasoma mdomo. Nisipoangalia watu watasema naringa." Basi nilijua. Tangu siku ile ya kwanza nilijua sababu ya macho yale.

Sasa mnajua desturi yetu huku kwa sisi Wakristo. Sanduku la kuzikia halichongwi mpaka mtu akate roho. Mbao zinaletwa uani kwa wafiwa, fundi anapigilia pale pale, na nyundo ile ndiyo inayowaambia majirani kwamba kuna msiba. Mtu akifa wakati wa mvua, mbao zikikosekana, wafiwa wanakaa na maiti siku mbili wakisubiri. Fundi huyu hakuvumilia hilo. Akachonga masanduku matatu kabla ya wakati, kubwa, la kati na dogo, akayasimamisha ukutani nyuma ya kibanda na kuyafunika magunia. Nilimwambia, "Ndugu yangu, utawatisha watu." Ndipo akanisimulia, mara moja tu, na hakurudia tena. Kule Burma walimweka katika kikosi cha kuzika kwa sababu alijua msumeno, lakini mbao hazikuwepo, na blanketi zilikwisha. Siku moja akafa rafiki yake, mtu wa huku kwetu, kijiji cha pili na chake. Wakamfunika turubai. Mvua ikazidi, bwana mkubwa akasema turubai linatakiwa kwa walio hai, na ni yeye fundi aliyeamriwa kumvua. "Nilimwona usoni maji yanamwingia machoni," alisema. "Nikaapa, kwangu mimi mtu hatasubiri mbao." Kisha akashika randa yake, na mimi nikaenda zangu.

Mwandishi yeyote mwenye akili angeandika kisa hicho. Mimi niliandika mzaha. Ilikuwa wiki ya kukosa la kusema, nanyi wasomaji mnapenda kucheka, nikaandika kwamba ukipita Mlandege upite umeinama, maana kuna fundi anayekupima kwa macho toka unyayo hadi utosi, na sanduku lako liko tayari nyuma ya gunia. Loo, mlicheka! Nilisimamishwa njiani nikapongezwa. Vijana wakawa wanapita mbele ya kibanda wamejikunja kama wazee, wanaangua vicheko. Fundi mwenyewe alilisoma gazeti, maana jeshini walimfundisha kusoma, na nilipokwenda kumsalimia, "Kamwene," aliitikia vizuri tu. "Umeniandika, mwalimu. Umeandika vizuri. Lakini sikio hukuliandika." Nikamwambia ningeliandika wiki inayofuata. Mzee wangu muuza chai, ambaye babu zake walitoka pwani, hakucheka hata kidogo. "Sisi jeneza la msikiti linasimama pale mwaka mzima," aliniambia, "linabeba mji mzima, tajiri na maskini, na hakuna anayelikimbia. Nyinyi mnaogopa mbao. Mwondolee mwenzio neno hilo upesi." Nilisema ndiyo, ndiyo, nikaagiza chai nyingine.

Mvua za mwaka ule zilikuja na surua. Ukungu ulishuka ukakaa juu ya mji mpaka adhuhuri, na ndani ya ukungu ule ukawa unasikia watoto wanakohoa, nyumba baada ya nyumba. Sanduku dogo la fundi likachukuliwa kwa mtoto wa jirani, naye alilitoa bure. Akachonga la pili, kwa sababu hakuwa mjinga, aliona lililokuwa linakuja. Wiki haikuisha, nalo likachukuliwa. Akaanza la tatu. Hapo ndipo vicheko vilipokatika. Vijana hawakupita tena wamejikunja. Walipita upande wa pili wa barabara, wima, wakitazama mbele. Akina mama wakawa wanawafunika watoto khanga vichwani wakikaribia sokoni. Kitanda alichokuwa ameagizwa kikakataliwa kikiwa kimekwisha, na mwenye kukiagiza hakusema sababu. Randa ya fundi ikawa inasikika mchana kutwa katika mtaa ulionyamaza, na kila mtu aliyeisikia alikuwa anajiuliza ni wa nani sasa.

Alasiri moja walikuja wanaume sita au saba. Aliyetangulia alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mtu wa safari za Ruaha Mbuyuni, ambaye binti yake alikuwa ameanza kuwaka homa. Mimi nilikuwa pale kwa mzee wa chai, nikawafuata. "Hii sanduku ni ya nani?" akauliza. Fundi akamtazama, miguu kwanza, kisha uso, na nikaona kundi zima likirudi nyuma hatua moja. "Si ya mtu," fundi akajibu. "Ni ya atakayeihitaji." Yule bwana akachukua ufito, akapima sanduku lile ambalo halijapigiliwa mfuniko, akaukata ufito sawasawa na urefu wake, akaondoka nao kwenda nyumbani. Baada ya muda akarudi nao mkononi, midomo imemkauka. Alikuwa amemsimamisha binti yake kando ya ufito, na ulikuwa sawa naye. "Umempima lini mtoto wangu?" akasema kwa sauti ndogo. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe uliandika. Waambie kama ni uongo."

Nilikuwa na neno moja la kusema. Huyu hasikii sikio moja, ndiyo maana anatazama. Neno fupi hilo, mtoto mdogo angelisema. Nami nikasema, "Ilikuwa utani tu, jamani." Utani! Kana kwamba nilikuwa najitetea mimi. Niliogopa, ndugu wasomaji. Niliwaogopa watu wale, na niliogopa zaidi waseme mwalimu aliandika asichokijua. Fundi alinisoma mdomo, akatikisa kichwa kidogo, akachukua koleo na kung'oa misumari mmoja mmoja mbele yao, mpaka sanduku likawa mbao tupu chini. "Haya," akasema, "hakuna sanduku." Wakaondoka. Siku ya tatu binti yule akafa.

Mbao hazikupatikana mjini kwa sababu ya mvua na wingi wa misiba. Yule bwana wa vitunguu hakuja mwenyewe, alimtuma shemeji yake, naye alisimama mbali barabarani akisema ya kusema. Fundi alizibeba mbao zile zile begani, akazipigilia upya uani kwa wafiwa kama desturi inavyotaka, peke yake, maana hakuna aliyekubali kumshikia ubao. Hata mimi. Nilisimama katika watu nikaona matundu ya misumari ya kwanza wazi kando ya misumari mipya. Hakupewa maji ya kunawa mikono. Wiki iliyofuata kibanda kilikuwa kimefungwa, naye na mkewe wamepanda gari la Mbeya.

Niliposikia kifo chake nilipanda basi siku ile ile. Tulikwama kwenye tope, tukalala Igawa, nikafika Mbeya Jumanne nikitarajia kukuta kaburi limefunikwa. Nikakuta hajazikwa. Kule Mbeya alikuwa amechonga viti na vigoda tu, na mkewe aliniambia kwamba tangu wahame Iringa hakukubali ubao wenye urefu wa mtu ulale kibandani mwake. Kwa hiyo fundi alikufa, na katika duka lake zima hapakuwa na ubao wa kumtosha. Lori la mbao lilikuwa linasubiriwa tangu Jumapili. Chumba alicholazwa kilivuja, na dereva mmoja jirani alikuwa ametoa turubai lake wamfunike. Nilikuwa nimesimama mlangoni dereva yule alipokuja, kofia mkononi, kwa haya kubwa. "Mama, nisamehe sana. Nimebeba chumvi na mvua inazidi. Lazima niondoke." Yule mama akainamisha kichwa. Wakamvua turubai. Nilivua koti langu nikamtandikia usoni, na maji yakaendelea kudondoka.

Mbao zilifika saa tisa. Safari hii nilishika ubao, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, fundi wa jirani akipigilia. Tulipotoka makaburini mkewe akanijia. "Mwalimu," akasema, "umekuja kuzika au umekuja kuandika?" Nikasema nimekuja kuzika. "Andika pia," akasema. "Lakini safari hii andika yote."

Surua itarudi, au njaa, au hofu nyingine. Naona mawingu yake hata sasa, katika siku hizi ambapo watu wanakaa vikundi vikundi na kunyamaza mgeni akipita. Mji wenye hofu haukawii kumtafuta mtu wa kumwangalia vibaya, na mara nyingi umeshaonyeshwa mtu huyo zamani, siku za kucheka. Ukijua kitu cha kumtetea mwenzako, kiseme siku hiyo hiyo, kabla hawajaja na ufito. Mimi nilisema nitaandika wiki inayofuata. Basi naandika: fundi wa Mlandege alikuwa hasikii sikio la kushoto. Ndiyo maana alikuwa akiwatazama.