Miaka Kumi na Tisa ya Kupekuliwa

Kazini walimwita Lenzi, kwa sababu kamera aliibeba kwa mikono miwili na watoto wake aliwabeba kwa mmoja. Alikuwa mpiga picha wa televisheni kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna sikukuu hata moja aliyokaa nyumbani kwake kama watu. Watu wakila, yeye anawapiga picha wanakula. Akirudi jioni anakuta sufuria imeshaoshwa, na mkewe anamwambia, "Chakula umekiona kwenye kamera, si ndiyo?"

Sikukuu pale kituoni zilikuwa na namna yake ya kupikwa, na namna zenyewe zilikuwa nne. Hakuna aliyeziandika mahali, lakini zilijulikana kuliko kanuni za zimamoto zilizobandikwa ukutani.

Namna ya kwanza ni sikukuu ya watu wengi wa mji ule, ambayo ndiyo ya kina Lenzi mwenyewe. Hii inataka watoto wenye nguo mpya, bibi mmoja anayecheka akiwa na meno pungufu, na mtu anayenunua viatu. Maneno yake ni "shamrashamra zimetanda kila kona." Kama kona moja haina shamrashamra, kamera haiendi kona hiyo.

Namna ya pili ni sikukuu ya taifa. Hapo unapiga buti za askari, bendera, na mkubwa akipunga mkono. Wanafunzi waliosimama juani tangu alfajiri unawapiga mapema, kabla hawajaanza kudondoka.

Ya tatu ni sikukuu za nchi za mbali. Hizo zinaletwa na mashirika ya habari, sekunde ishirini za watu wanaorushiana unga au kukimbia na mienge, zinawekwa mwishoni kabisa baada ya michezo. Msomaji wa habari anatabasamu anasema, "Dunia ina mambo," kisha anawatakia watu usiku mwema. Watu wale kwao pengine ndiyo siku wanayolia kwa kumkumbuka Mungu wao. Hilo halijulikani. Sekunde ishirini hazitoshi.

Na namna ya nne ni sikukuu ya watu wa Bondeni.

Watu wa Bondeni walikuwa wachache, wana ibada yao na ukumbi wao wa ibada wenye geti la kijani, na hawajawahi kumpiga mtu hata kibao. Lakini sikukuu yao kwenye televisheni ilikuwa na maneno yaleyale tu: "Polisi wameimarisha ulinzi." Picha ni gari la polisi, kofia za polisi, na mwanamume mmoja mwembamba aliyenyoosha mikono juu akipapaswa mbavuni na askari. Mwishoni msomaji anasema hali ni shwari, kwa sauti ya mtu anayeshangaa.

Picha ile ya mwanamume kupapaswa aliipiga Lenzi mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita. Ilikuwa picha nzuri. Mwanga ulitoka kushoto. Mhariri wa habari, mama mmoja mfupi ambaye kila kitu kwake kilikuwa kirefu mno, ndiyo maana akaitwa Bi Sekunde, aliipenda akaiweka kwenye faili la ULINZI. Kila mwaka faili linafunguliwa, jamaa ananyoosha mikono, anapapaswa, faili linafungwa.

Sasa ikawa binti yake Lenzi, yule wa pili, anayeuza kwenye duka la dawa, amempata mchumba. Kijana ni fundi umeme, ana adabu, anavua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Anatoka Bondeni.

"Dini watajuana wenyewe," mke wa Lenzi akasema. "Mimi nataka kujua kama mama yake ni mgomvi."

Mama hakuwa mgomvi. Tatizo lilikuwa baba. Kijana alikuja siku moja, akakaa ukingoni mwa kochi, akasema baba yake hatakuja kuposa.

"Kwa nini?" Lenzi akauliza. "Binti yangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, mzee. Ni wewe."

"Mimi?"

"Anasema anataka uende wewe kwanza. Anasema mnafahamiana."

Lenzi akakuna kichwa. Bondeni hakumfahamu mtu. Siku ya pili akaenda, akaonyeshwa karakana ya seremala nyuma ya ukumbi wa ibada. Ndani, mzee mmoja mwembamba alikuwa anapiga randa ubao. Hakusimama. Alimaliza ubao wote, akapuliza vumbi, kisha akaiweka randa chini taratibu, akanyoosha mikono yote miwili juu.

Lenzi akamtambua papo hapo. Uso hakuukumbuka kabisa. Aliyakumbuka makwapa.

"Lo," akasema.

"Ndiyo," akasema Seremala, akashusha mikono. "Karibu. Kaa kwenye hicho kiti, usiegemee, gundi bado mbichi."

Lenzi akakaa bila kuegemea.

"Siku ile," Seremala akaanza, "mimi ndiye niliyekuwa na funguo. Nimekuja alfajiri kufungua geti. Nakuta polisi wamelinda geti lililofungwa, wananiambia hakuna kuingia. Nawaambia, sasa nisipoingia mimi mnamlinda nani? Wakanipekua. Wakapata funguo. Wakafurahi. Ukatokea wewe na dude lako."

"Nilikuwa kazini, mzee mwenzangu."

"Najua. Hata mimi nilikuwa kazini. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, sasa nina sitini na mbili, na kila mwaka nakaa na wajukuu kuangalia taarifa ya habari, babu yao anapekuliwa. Yule mdogo aliniuliza, babu, mwaka huu wamekukuta na nini? Wateja wananiletea pole. Kuna mtu aliacha kuniagizia kitanda, anasema bado anasubiri kesi yangu iishe."

Lenzi akataka kucheka, akaangalia patasi iliyokuwa mkononi mwa mzee, akaacha.

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki kuombwa radhi. Radhi haionekani kwenye televisheni. Nataka sikukuu yetu mwezi ujao mtuonyeshe kama mnavyojionyesha nyinyi. Mara moja tu. Nionekane nimeshusha mikono. Hapo nakuja kuposa hata kesho yake. La sivyo, watoto wakitaka waoane, waoane, lakini mimi kwenye kochi lako sikai. Nitakaaje sebuleni kwa mtu ambaye kila mwaka ananinyoosha mikono juu?"

Nyumbani, binti alisikiliza yote hayo akiwa amesimama. Hakulia, si mtu wa kulia. Alisema, "Baba, miaka yote ile ya sikukuu tumekula bila wewe tukaambiwa ni kazi. Basi hiyo kazi sasa ituletee faida." Akaingia chumbani. Mke wa Lenzi akamwangalia mumewe kama anavyoangalia nyama anapoishuku.

Lenzi akaenda kwa Bi Sekunde.

"Sikukuu ya Bondeni mwaka huu naomba niipige upya," akasema. "Bila polisi."

"Bila polisi habari ni nini?"

"Wamesherehekea."

"Hiyo si habari."

"Mbona sikukuu yetu juzi tulionyesha watu wanasherehekea?"

Bi Sekunde akamwangalia kwa huruma, kama mtoto aliyeuliza maji yanalowa na nini. "Ile ilikuwa sikukuu," akasema, akaendelea kukata picha.

Hapo Lenzi alirudi kwenye meza yake. Kuna jambo alilokuwa analijua miaka yote na hajawahi kulitazama. Kwenye sikukuu yao, ile ya shamrashamra, polisi huwa wapo. Wengi kuliko wa Bondeni. Wanapangwa kando ya uwanja, na yeye Lenzi akifika, jambo la kwanza anasogeza miguu ya kamera hatua mbili kushoto ili wasiingie kwenye picha. Hakuna aliyemwagiza. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati. Na akifika Bondeni, anasogeza hatua mbili kulia.

Akatafuta kanda mbichi za sikukuu ya juzi, zile sehemu zinazotupwa, kabla hajasogeza. Akampelekea Bi Sekunde. Polisi kumi na mmoja, mstari mmoja. Mmoja anapepea kofia. Mmoja ameshikilia puto la mtoto ambaye mamaye amempeleka msalani. Na wa mwisho anampapasa mzee mmoja mwenye kanzu mpya, mikono juu.

Bi Sekunde akasimamisha picha. "Huyu si mjomba wa mkurugenzi?"

"Ndiye."

"Umeipeleka wapi hii?"

"Sijaipeleka popote. Nasema tu, kama polisi ni habari, basi ni habari pande zote. Sikukuu yetu ijayo nitasimama palepale nitakapofikia. Sitasogeza kamera."

"Unanitisha, Lenzi?"

"Nakueleza nitakaposimama."

Bi Sekunde alikuwa na mambo yake lakini hakuwa mjinga, na unga wake hakutaka umwagike akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Akamtazama mjomba wa mkurugenzi kwa kitambo. "Sekunde kumi na moja," akasema. "Na asiangalie kamera."

Siku ya sikukuu Lenzi akafika Bondeni saa mbili asubuhi. Seremala alikuwa amevaa koti, amesimama mbele ya geti la kijani, mikono ameibana mapajani kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Legea kidogo," Lenzi akamwambia.

"Nimelegea."

"Pumua basi."

"Nikipumua inatikisika."

Alipiga dakika arobaini za mzee aliyesimama. Ingefaa zaidi kupiga geti. Bahati nzuri dada yake Seremala, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, akatoka akipiga kelele kwamba mabenchi hayatoshi na wewe umesimama hapo kama nguzo ya simu. Seremala akaacha kupigwa picha akaenda kubeba benchi. Akalipeleka kushoto. Dada akasema kulia. Akalipeleka kulia. Mke wake akasema lilikuwa sawa pale kushoto. Akalikalia katikati ya njia, akacheka, akafuta jasho kwa tai. Lenzi akapata sekunde zake kumi na moja. Polisi wawili walikuwepo pale mkono wa kulia, wamekaa kwenye benchi jingine. Miguu ya kamera ikasogea hatua mbili kushoto.

Jioni akaalikwa kuangalia taarifa ya habari nyumbani kwa Seremala, yeye na mkewe na binti. Sebule ilijaa. Mkwe mtarajiwa alikuwa amesimama nyuma ya televisheni ameshika waya, kwa sababu ya soketi mbovu, fundi umeme mzima. Binti yake Lenzi alikuwa anahesabu vidole vyake, akifika kumi anaanza upya.

Ikaja. Picha: Seremala na benchi, kushoto, kulia, kicheko, tai. Ilikuwa picha nzuri kweli. Lakini maneno ya msomaji yalikuwa yameandikwa tangu wiki iliyopita, na Bi Sekunde alikuwa ameahidi picha, hakuahidi maneno. "Polisi wameimarisha ulinzi katika eneo la Bondeni," msomaji akasema, huku Seremala akigeuza benchi, "na hadi tunakwenda hewani hakuna tukio lolote la uvunjifu wa amani lililoripotiwa." Seremala akafuta jasho. Ikaja hali ya hewa.

"Polisi wako wapi?" dada yake Seremala akauliza.

"Hawaonekani," akasema mke wa Lenzi haraka.

"Lakini ametaja."

"Ametaja, ila hawaonekani."

"Kwa hiyo wanalilinda benchi?"

Lenzi alihisi shati limemganda mgongoni. Akasema, "Mzee mwenzangu, picha ndiyo kazi yangu. Maneno yana watu wake. Kwenye picha nimefika mwisho wa uwezo wangu."

Seremala alikuwa anaangalia hali ya hewa, mvua za rasharasha, kama mtu anayekadiria ubao kwa jicho. Mjukuu mdogo ndiye aliyeongea. "Babu, leo hawakukukamata."

"Leo hawakunikamata," Seremala akakubali. Akamgeukia Lenzi. "Umefanya nusu ya kazi. Na mimi nitafanya nusu. Jumamosi nakuja kwako kuposa. Ila sitasema neno. Atasema dada yangu."

Dada akasema hapakuwa na shida, kana kwamba aliombwa.

Jumamosi wakaja watu sita. Seremala akakaa kwenye kochi la Lenzi, mikono magotini, kimya kama alivyoahidi. Dada akasema kwa saa nzima. Alimsifu kijana, akausifu ukoo, akamsifu marehemu babu yao aliyekuwa na ng'ombe, akala, akasifu tena. Chai ikaletwa, na kila kikombe kilichowekwa mezani kilimwagika kidogo. Seremala akaitazama meza. Akamwagikiwa na cha kwake. Akaitazama tena. Mwisho akashuka kwenye kochi, akapiga magoti, akaingia chini ya meza na koti lake zuri.

Ndipo mjomba wa binti, aliyepewa kazi ya kuuliza, akakohoa akasema, "Sasa sisi tunataka kusikia kutoka kwa baba mzazi mwenyewe. Mnamtaka binti yetu, hamumtaki?"

Watu wote wakaangalia soli mbili za viatu. Lenzi akaona mkono wa binti yake umemshika mamaye.

"Tunamtaka," ikasema sauti chini ya meza. "Nani ameikata hii miguu? Mmoja mfupi. Nipeni karatasi."