Nilivyoliendesha Gari la Maharusi

Gari langu la kwanza lilikuwa Pijo 404 kuukuu. Nililiuza huku nalia, na tangu hapo nikiona gari la zamani akili hunitoka.

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi huko Kanazi, ambayo sherehe yake ingefanyika mjini Muleba, nilitoka kanisani kupokea simu, nikakuta Pijo kama lile limepambwa maua, mlango wazi. Mimi, mwalimu mkuu mzima, nikaingia, nikashika usukani, nikafumba macho. Nikapanda mlima nikinguruma kwa mdomo, nikabadilisha gia, nikapiga na honi: “Piii! Piii!”

Nilipofumbua macho, watu wote wametoka misani, wananitazama. Maharusi walikuwa wameshaketi nyuma yangu. Bibi harusi, niliyemfundisha kusoma, akaniinamia kwa upole.

“Shikamoo, mwalimu. Tumeshafika Muleba?”