Mtandao Usio na Mnara

Kiswahili kiliwahi kuniaibisha hadharani, tena mlimani, mbele ya kijiji kizima, na kesi yetu mimi na Kiswahili bado haijaisha.

Kazi yangu ni kuratibu. Ukiniuliza naratibu nini, kaa kitako kwanza, maana mama yangu mzazi nimemweleza mpaka nimechoka na bado anawaambia majirani kwamba nagawa dawa. Mkoani kwetu ziko zahanati zimetawanyika, nyingine kando ya barabara kuu kule Mikese, nyingine upande wa Mzumbe, nyingine juu kabisa Uluguru ambako hata mwenye pikipiki anakushusha njiani na kukutakia heri. Sisi tunaziunganisha ili ziulize maswali kwa pamoja na kutafuta majibu kwa pamoja. Kwa nini watoto wa huku wanakohoa kuliko wa kule? Kwa nini mgonjwa wa presha akijisikia nafuu anaacha dawa? Zahanati moja ikisema peke yake, wakubwa wanaona inalalamika. Zikisema nyingi, inaitwa utafiti.

Sasa kitu chenyewe tukiiteje? Kiongozi wetu, mhadhiri mstaafu, mzee mpole asiyependa maneno ya mkato, akasema kiitwe Mtandao wa Utafiti wa Zahanati. Mimi nikapiga makofi kuliko wote.

Aliyeshtuka mapema ni mwenye duka la kuchapa mabango pale mjini, Mhindi wa Morogoro ambaye duka hilo lilikuwa la babu yake na Kiswahili chake kinanizidi mimi. Alisoma yale maandishi, akavua miwani, akaniuliza ni mtandao wa kampuni gani. Nikamcheka. Nikamwambia achape tu, ya ndani hayamhusu. Akachapa.

Zahanati moja ya mlimani ndiyo kwanza ilikuwa inajiunga. Barua ilishapita wilayani, lakini kwa muuguzi wa pale, dada mmoja mkunga aliyekuwa hajamaliza hata msimu mmoja wa mvua tangu ahamishiwe, haikuwa imefika. Barua za kwetu zina tabia ya kupumzika njiani. Nikamtumia ujumbe wa simu, mfupi, wa kiofisi: "Mtandao unakuja kwenu Jumatano. Waandae wananchi."

Mdomo uliponza kichwa. Mimi nikaponzwa na kidole.

Jumatano tukapanda, mimi na mzee mhadhiri, yeye na mkongojo wake, mimi na bango begani na boksi la biskuti kwa ajili ya wageni waalikwa. Kabla hatujaiona zahanati tukasikia vigelegele. Nikamwambia mzee, unaona, watu wa huku wanapenda elimu. Mzee akafurahi mpaka akasahau goti lake.

Kijiji kizima kilikuwa nje. Kina mama wamejifunga kanga mpya, wanaume wana majembe na mapanga, wanafunzi wametolewa madarasani. Katekista na shehe walishaomba dua, kila mmoja kwa zamu yake. Mwenyekiti wa kijiji akatupokea kwa heshima zote, lakini shingo yake ilikuwa inachungulia nyuma yetu njiani. Hatukupelekwa zahanati. Tulipandishwa moja kwa moja mpaka kilimani juu yake, na huko nikakuta eneo limefyekwa, limesawazishwa vizuri, na njia imechongwa kando ya mteremko, pana ya kutosha watu kupita wamebeba kitu kizito.

"Vyuma viko nyuma?" mwenyekiti akauliza.

Vyuma gani tena? Nikamtazama mzee, mzee akanitazama mimi, na katikati yetu lipo bango limeandikwa MTANDAO kwa herufi kubwa kama mtoto wa kondoo. Hapo ndipo kajasho kembamba kakanitoka. Hawa watu walikuwa wanasubiri mnara wa simu.

Nikajikaza kueleza. Nikasema huu mtandao si ule wa simu, ni umoja. Mzee mmoja akauliza umoja wa vijana au wa wanawake, maana jumuiya zote mbili za chama zipo na kadi anayo. Nikasema basi tuseme ni muungano. Wakatazamana, mambo ya Muungano wanayasikia redioni. Nikasema ni ushirika, nikaona sura zimekunjamana, ushirika wanaukumbuka na ulivyowaacha mikono mitupu. Nikakimbilia neno utafiti, nikidhani nimefika salama, kumbe ndiyo nimejichimbia kaburi. Milima ile ina vito, na watafiti wanaowajua wao ni wale wanaokuja na nyundo kugonga mawe ya watu. Kijana mmoja akataka kujua kama ni rubi tunayotafuta, atuonyeshe.

Hasira zikanipanda. Si kwao, kwa lugha yangu mwenyewe, ambayo ina maneno mengi ya kumtukania mkwe lakini halikupatikana hata moja la kunitoa pale kilimani.

Aliyeninyamazisha ni bibi mmoja, mkubwa wa ukoo. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata kwa mama, kwa hiyo kile kilima kilikuwa chake na migomba iliyolala pembeni imekatwa ilikuwa yake. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba ameikata kwa sababu ya yule binti, akamwonyesha muuguzi kwa kidevu.

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma, na yeye peke yake hakucheka tangu nianze kutapatapa. Akaniomba nigeuke. Ng'ambo ya bonde dogo palikuwa na jiwe kubwa, na akaniambia hapo ndipo simu inapokamata, mahali pengine popote hakuna.

"Dada, nikihitaji gari la wagonjwa napanda lile jiwe," akasema. "Mama mwenye uchungu namwacha kitandani na mkwewe. Juzi nimerudi nikakuta mmoja amejifungua bila mkunga. Wote wazima, Mungu ni mwema. Sasa huyo atakayefuata?"

Nikalikunja lile bango.

Mzee mhadhiri akakaa juu ya kisiki cha mgomba na suruali yake safi. Akasema kwamba tulikuja na swali letu la presha mfukoni, lakini hawa wametangulia kutuuliza, na mgeni mwenye adabu hujibu kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza la mtandao wetu likawa lile la muuguzi: zahanati ikizidiwa, inamwitaje mtu, na mgonjwa anabaki na nani?

Tukaliuliza kila mahali, na majibu yalitia kicheko na uchungu pamoja. Kumbe kila zahanati ya milimani ina jiwe lake. Moja simu yao inakamata juu ya tangi la maji, mganga anapanda na koti jeupe. Nyingine inakamata mlangoni pa choo tu, na mwenye haja itabidi avumilie mpaka gari liagizwe. Tuliyakusanya yote, zahanati zikayathibitisha kwa pamoja, tukayapeleka juu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ila bibi hakungoja majibu ya wakubwa. Alikataa kupanda migomba mingine pale. Kila nilipokwenda kule nilimpita barazani kwake, na salamu yetu ilikuwa ni hiyo hiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja nao?"

Sijaja nao, bibi. Naye anarudi kuchambua maharage yake, na mimi naondoka nimeinama kama mdaiwa. Nilifika mahali nikawa nazungukia nyuma ya kanisa ili tusionane. Akanigundua, akahamishia kigoda chake nyuma ya kanisa.

Hatimaye wapimaji wa kampuni ya simu walipandishwa mlimani, na taarifa yetu mkononi. Vijiji vingine walikwama, ndugu wanagombania kiwanja mpaka wapimaji wakakunja kamba zao. Kwa bibi walikuta pamefyekwa, pamesawazishwa, ukoo umekubaliana zamani, na njia ya kupitishia vyuma ipo. Waliuliza nani aliwaambia waandae. Wakatajiwa mimi, kwa cheo ambacho sina.

Mvua za masika zilipokuwa zimekolea, nikiwa ofisini mjini, simu ikaita. Yule muuguzi. Nikaruka kitini, nikamuuliza kama yuko jiweni na mvua yote hii.

"Nipo ndani," akasema. "Gari nimeshaliita. Mama nimemshika mkono hapa, sijatoka."

Machozi yakanitoka, sikuona haya. Kisha nikasikia simu inapokonywa, na sauti ya bibi, ambaye kumbe ndiye mkwe wa yule mama, ikaja taratibu kwa lafudhi ya milimani. Akasema wa simu wameuona, sasa nilete na ule mwingine wa kwangu. Nikafungua mdomo nimwahidi, simu ikakata. Huku mjini mtandao ulikuwa haupo.